Tone Jekundu kwenye Nusu Dola

"Una bahati leo, bibi," karani wa benki alisema, akinisukumia msokoto wa sarafu za nusu dola, zilizofungwa kwa karatasi. "Kuna mzee kazileta asubuhi hii."

Niliupasua palepale. Mimi na marehemu mume wangu, Verlin, tulikuwa tukichambua misokoto kama huo, tukisaka sarafu za zamani, zenye madini ya fedha. Zisizokuwa nayo alizitia tone la rangi nyekundu ya kucha, tusije tukazichambua tena, kisha tulizirudisha benki. Kichupa chake cha rangi nilimwekea jenezani.

Sarafu ya kwanza ilikuwa na tone. Ya pili pia. Zile alizozitia alama zamani, nilijisemea, bado zinazunguka.

"Bibi, umejikata?"

Nilitazama kidole gumba. Haikuwa damu. Ilikuwa rangi, bado mbichi.