Injini ya Mzee Bati

“Ni wewe uliyechukua saa ya marehemu mama yangu?”

“Ndiyo, mke wangu,” akajibu mumewe, gundi mkononi. “Ni kweli kabisa.”

Hakuona haya. Alimtazama usoni, akaitikia kwa kichwa kwa adabu zote, kisha akarudi kubandika kioo cha kigari chake.

Mkewe, Mwalimu, alibaki mlangoni mwa gereji, mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa asubuhi nzima, na ubishi aliuweza. Sauti yake ilizoea kufika dawati la mwisho, na kustaafu hakukuipunguza hata kidogo. Lakini mtu anayekubali wizi huku anatabasamu, unamfanya nini?

Mtaani walimwita mumewe Mzee Bati, kwa sababu maisha yake yote alinyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Kelele za kazi hiyo zilimmaliza masikio. Akawa anasingizia uziwi kila akitumwa dukani, hadi Mwalimu akachoka, akamburuta hospitali, akavalishwa mashine za masikioni. Visingizio vikaisha, yakaanza malalamiko. Mara mlango unalia, mara bomba linadondosha, mara ile saa ya mfukoni ya mama mkwe inagonga kando ya kitanda kama fundi viatu.

Sasa saa haionekani, na Bati ana kigari kipya cha maonyesho.

Kilikuwa gari la kizamani lililoenea viganja viwili. Paa limekatwa likashushwa, magurudumu ya nyuma mapana, ya mbele membamba, na rangi nyekundu aliyoipiga tabaka juu ya tabaka mpaka ikang’aa. Chama chao cha waunda vigari kilikuwa na sharti moja gumu: injini hainunuliwi. Uiunde kwa kitu cha nyumbani kwako, kilichowahi kufanya kazi. Bati alikuwa ameifunga boneti kwa skrubu ndogo, na hakuna aliyeonyeshwa kilichomo.

Ila kwa jirani alijisifu, tena kwa sauti ya kunadi mitumba.

“Hawajaona injini kama hii! Kitu kidogo tu, kilikuwa kinanikera mchana na usiku. Tangu nikifumue, nyumba imetulia tuli!”

Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anaanika nguo. Shuka likamponyoka, likaanguka matopeni.

Akampigia simu dada yake.

“Ule mkoba wako wa harusini umeutazama?” dada akauliza. “Siku ile ya harusi ulikuwa na saa mkobani, nilikuona.”

“Nitazame mkoba wa nini, na mwizi mwenyewe kakiri?”

“Kakiri?”

“Tena anachekelea!”

Kuanzia hapo nyumba ikawa moto. Mwalimu aliacha kumpakulia chakula. Alimwita mwizi, alimwita roho mbaya, alimwambia kofia ile ya sufu anayoivuta hadi shingoni jua kali likiwaka inamfanya afanane na njiti ya kiberiti. Bati akajibu ndiyo, mke wangu, ni kweli kabisa. Siku moja Mwalimu aliangusha trei ya glasi nyuma yake, makusudi. Hakugeuka hata kumtupia jicho.

Dharau hiyo ilimchoma kuliko tusi lolote. Mama hakumwachia kitu kingine. Kila asubuhi alikuwa akiitia saa ile ufunguo, akaisikia ikigonga, na ilikuwa kama mama yuko chumba cha pili. Sasa asubuhi zilikuwa tupu, na alimchukia mumewe kwa moyo wote.

Ijumaa alikwenda kusimama mbele yake, machozi yanamtoka.

“Nijibu kama mtu mzima. Unataka niondoke? Niende zangu kwa dada, ndicho unachotaka?”

Bati akainua macho kutoka kwenye magurudumu, akamtazama kwa upole wa mtu aliyeshiba.

“Ndiyo, mke wangu. Ni kweli kabisa.”

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni na teksi inapiga honi barabarani. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja cha kuchukua. Mwalimu akaingia gereji. Kupitia mlango wa nyuma alimwona Bati uani, amempa mgongo, anasuuza brashi bombani na kupiga mluzi usio na wimbo. Kigari kilikuwa mezani, tayari kwa maonyesho.

Akatungua nyundo ukutani.

“Naondoka na mama yangu!” akapaza sauti, hata jirani akachungulia dirishani. Bati aliendelea na mluzi wake.

Pigo la kwanza skrubu zikaruka. La pili boneti ikang’oka. Mwalimu akainama, akatafuta vigurudumu vya saa ya mama yake.

Hapakuwa na gurudumu hata moja. Palikuwa na vidude viwili vilivyopinda, vimelazwa ubavu kwa ubavu, na mirija yake laini ya plastiki imevutwa nyuma ikawa mabomba ya moshi. Vilikuwa vya kahawia. Rangi hiyo aliichagua yeye mwenyewe, siku ile hospitali.

Nyundo ikamtoka mkononi, ikaangukia debe tupu. Mluzi haukukatika.

Nje teksi ikapiga honi tena. Bati akafunga bomba, akageuka na brashi yake, akamwona mkewe amesimama mbele ya meza, midomo inacheza.

“Unanisikia?” Mwalimu alikuwa anauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia katika nyumba ile.

“Ndiyo, mke wangu,” akasema Bati, akitabasamu. “Ni kweli kabisa.”