Mvua ya Alhamisi

"Kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni," profesa alisema huku akigongagonga grafu ukutani, "mvua hunyesha hapa nyuma ya jengo letu tu. Mji mzima jua linawaka!"

Ukumbi ukanguruma kwa makofi. Mama Chai, aliyekuwa akikusanya vikombe kule nyuma, akatega sikio. Miaka sita amehudumia mihadhara ya Alhamisi, na hajawahi kurudi nyumbani ameloa.

"Tena ni ya rangi ya kahawia. Vumbi la jangwani hilo! Na chombo chetu cha kupimia ni hiki hapa."

Ukutani ikatokea picha ya mkebe wa bati wenye mdomo mpana, ule unaokaa nyuma ya jengo kando ya maua. Mama Chai akauangalia, akaliangalia birika lake. Kumbe! Ndimo alimokuwa akimwaga chai iliyobaki, asije akaunguza maua ya watu.

"Cha ajabu zaidi," profesa akaongeza, "sisimizi wanaipenda kupita kiasi. Alhamisi ijayo wageni wanatoka mbali kuja kuishuhudia. Mama Chai, usituangushe, chai iwe ya kutosha."

Mama Chai akaliinua birika lake.

"Ya rangi au ya maziwa, Profesa?"