Dawa ya Panya

Fundi bomba alikoroga dawa ya panya kwenye uji wa mama yake mzazi, huku anapiga mluzi.

Msimrukie. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa dada yake.

Dada mtu ni mtafiti. Kazi yake ni kukamua majani ya porini, kuwanywesha panya wa maabara maji yake au unga wake, kisha kuziumiza figo zao makusudi aone kama zitavimba. Waliokunywa, figo hazivimbi, wanadunda tu. Wasiokunywa, kwisha habari yao. Pale kazini wanaiita hivyo hivyo, dawa ya panya, na wanacheka.

Basi mama akalazwa hospitali, akapangiwa upasuaji wa moyo wiki inayofuata. Daktari aliwaambia wanawe bila kuficha: moyo utatengemaa, ila figo za mtu wa umri ule zinaweza kuzima ghafla baada ya kisu. Fundi akamgeukia dada yake.

"Mpe ile dawa yako."

"Siwezi. Haijajaribiwa kwa binadamu. Hiyo bado ni dawa ya panya."

"Kwa hiyo panya ana haki, mama hana?"

"Wewe, usinipandishe presha!"

"Aliyekubeba mgongoni ni mama, dada, si panya!"

Walifokeana sebuleni mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Fundi akatoka na hasira za mkizi, mlango akaubamiza.

Kesho yake alikwenda maabara, dada akiwa kikaoni. Milango yote ilikuwa imefungwa isipokuwa ya stoo. Humo mfagizi alikuwa anakung'uta magunia ya majani yaliyotobokatoboka, huku analaani.

"Dada kanituma dawa ya panya," fundi alisema.

"Kopo hilo hapo juu, lenye unga wa kijani. Nibakizie, kazi bado ninayo. Na ukishaishika, nawa mikono."

Loo! Hata mfagizi anamfundisha kunawa! Watu wa maabara wote wana maringo. Kwa hasira, fundi alibeba kopo zima.

Wodini, mama aliunywa uji bila kupumzika. "Leo umekumbuka sukari, baba," alisema. Fundi alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Dada na elimu yake akome.

Mara dada mwenyewe akaingia, amefura.

"Huyo mfagizi leo kanitibua! Panya wa darini wamenitafunia gunia zima la majani. Namuuliza mbona hawategi, ananijibu eti nimekutuma wewe uichukue dawa yao. Ya nini? Kwako kuna panya?"

Mama alikwangua kikombe kwa kijiko, akalamba, akamnyooshea mwanawe.

"Umebaki mwingine?"