Sikio la Mheshimiwa

Kipande cha sikio hakikuonekana popote. Dahir alipekua majani, akainua mashine, akachungulia chini yake. Mkewe, Ebla, alimwambia asijisumbue. Kwa jinsi anavyomjua Mheshimiwa, bila shaka amekiokota na kukila.

Mheshimiwa alikuwa kondoo dume mwenye kichwa cheusi, aliyefiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Dahir, dalali katika soko la mifugo la Isiolo, alimleta nyumbani ndani ya koti, na Ebla akamlea kwa chupa aliyonyonyea binti yao Hoda. Alikulia uani, hakuwahi kuingia kundini. Alikula pumba, kisha akala gunia la pumba. Alikula sabuni, mkeka, na pindo la dera ambalo Ebla alikuwa bado amelivaa. Jina alipewa na majirani, kwa kuwa kila akimaliza chake alikwenda kukagua cha wengine.

"Baba Hoda, Idd ifike tu," Ebla alikuwa akisema karibu kila siku. "Mimi mwenyewe nitakushikia miguu yake."

Dahir aliyachukua maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Mtu akisema hamtaki mnyama, basi hamtaki. Alinuia kumchinja Mheshimiwa Idd ya kuchinja, akawatangazia majirani. Na ili amani ikae nyumbani hadi siku hiyo, aliagiza mashine ya kulishia: pipa la plastiki lenye saa, na kifuniko cha bati kinachojifungua chenyewe asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha kinajifunga.

Amani haikuja. Mheshimiwa alilala mbele ya mashine kama askari wa benki. Kifuniko kikikawia, aliipiga kichwa. Kikifunguka, alizamisha uso mpaka machoni, na kikirudi kujifunga kilimkuta bado yumo. Ebla alilalamika kwamba kelele za bati zinamnyima usingizi wa mchana. Tena chakula kiliisha upesi kuliko saa ilivyopangwa, na kitufe cha kuongeza mlo kilianza kufutika rangi. Dahir alikata shauri kwamba kondoo amejifunza kukibonyeza kwa pua.

Idd ilipokaribia, alimkagua kama anavyomkagulia mnunuzi. Meno, sawa. Macho, sawa. Masikio yote mawili mazima. Masikio ndiyo Dahir aliyajua zaidi. Sokoni aliyasoma kama polisi wanavyosoma namba za magari, kwani kila ukoo hukata alama yake: mkato wa ubavuni ni wa jamaa zake wa Burat, ncha iliyokatwa kama mkia wa mbayuwayu ni ya baba mkwe wake, Mzee Shuriye wa Garbatulla, aliyewafundisha watoto wake wote kuikata.

Sasa ilikuwa siku ya Arafa, mkesha wa Idd, watu wamefunga, Mheshimiwa ameshiba, na sikio lake la kushoto limepungua. Ebla alieleza kwamba alisikia bati likigonga, halafu kilio. Alikuwa ameshampaka manjano, mengi sana.

"Usilioshe," alimwambia mumewe. "Damu itaanza tena."

Sheikh Abdinur, jirani yao, aliitwa aje kuona. Aliinama, akatazama, akauliza swali moja.

"Ulitoa nadhiri, ama ulinuia tu?"

"Nilinuia tu."

"Basi huyu ana kasoro. Tafuta mwingine aliye mzima."

Ebla alijipiga paja. "Kwa hivyo nikae na huyu mlafi mwaka mwingine? Sheikh, angalia vizuri. Si ni kidogo tu?"

Sheikh alisema kidogo nacho ni upungufu, akaenda zake. Dahir alirudi sokoni kabla watu hawajatawanyika, akaja na dume mwingine, asiye na jina.

Siku ya Idd nyama iligawanywa, wageni wakala wakashiba. Mmoja aliuliza habari za Mheshimiwa, na Ebla akamweleza kwa kirefu ubaya wa mashine za siku hizi. Kisha akajifunga mtandio, akatoka kuwapelekea majirani sahani zao.

Dahir alichukua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaenda uani. Kidonda kisichooshwa huoza, na hilo halibadiliki kwa sababu mke amekataza. Mheshimiwa hakusogea, alikuwa akingojea kifuniko.

Manjano yalipotoka, Dahir aliona kwamba mashine iliyoundwa ng'ambo ilikuwa imekata mkia wa mbayuwayu, safi kabisa, kama wanavyoukata kwa Mzee Shuriye. Alichota manjano mengine, akaupaka mpaka usionekane.