Herufi Zisizokuwa Kwenye Makopo

Asubuhi hiyo herufi f ilikuwepo, na Nesi hakuwa ameichora yeye.

Aliiweka kompyuta ya mkononi juu ya meza ya jikoni, akarudi nyuma. Jana alipoizima, kiboksi cha f kilikuwa kitupu. Angeweza kuapa.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, imetupwa na hospitali aliyofanyia kazi. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuchora herufi. Kila herufi ilikaa kwenye viboksi vidogo vidogo. Ukigusa kimoja kwa kalamu ya plastiki kinakuwa cheusi, ukigusa tena kinafutika. Nukta kwa nukta, Nesi alikuwa akinakili mwandiko wa marehemu mama yake kutoka kwenye makopo ya jikoni. Chumvi. Sukari. Unga. Dengu. Herufi za rangi nyeupe, nyembamba, zimelala kidogo upande wa kulia. Alijifunzia kusoma kwenye makopo hayo kabla hata hajapelekwa shule.

Mwisho wa wiki alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi ng'ambo, na tiketi yake ilikuwa ya kwenda tu. Alitaka kila atakachosoma huko akisome kwa mkono wa mama.

Ila makopo hayakuwa na f. Wala z, wala w, wala nyingine kadhaa. Zamani zilikuwepo tele. Kila siku ya shule alikuta neno limeandikwa kwa chaki kwenye kifuniko cha bakuli lake la chakula. Fanya vizuri. Usiwaze. Kula yote. Jioni chaki iliishia kwenye karai la vyombo, na nani angejua kwamba iko siku ataililia chaki?

Na hii iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa f ileile ya Fanya vizuri, yenye mkia uliojikunja kama ndoano.

Alitoka hadi chumba cha mbele, ambako baba yake, fundi saa, alikuwa ameinamia meza yake ya kazi, lenzi jichoni.

"Shikamoo baba. Kuna mtu aliingia jikoni?"

"Marahaba. Nani aingie? Tuko mimi na wewe tu." Hakuinua kichwa. "Umekula?"

"Nitakula."

Tangu msiba, mazungumzo yao yalikuwa hayo. Mzee alikuwa mkavu kama ukuni. Mkewe alipougua, yeye alishinda na saa zake. Siku ya mazishi hakudondosha chozi. Hata mashine hiyo, alipoifungua na kuitia betri mpya, aliirudisha mezani bila neno. Maisha yake yote Nesi hakuwahi kuona baba yake ameandika kitu zaidi ya namba na majina ya wateja, kwa herufi kubwakubwa za chapa. Nesi hakuwa amemwambia kwamba harudi tena. Amwambie ili iweje? Angeulizwa tu kama amekula.

Kesho yake aliikuta z. Keshokutwa yake, w.

Sasa hofu ilikuwa imechanganyika na furaha, na Nesi hakujua ipi ni ipi. Alianza kuzungumza na jiko. Alilichukua kopo la chumvi akalitikisa sikioni, kama alivyofanya mama kila mara kabla ya kulifungua. "Nalisalimia," mama alikuwa akisema, na nyumba nzima ilikufa kwa kicheko. Alikumbuka ripoti za shule, mama akimrudishia mkononi huku akijifuta unga. "Nisomee wewe, mwanangu. Nataka kuisikia sauti yako."

"Nimekusikia, mama," Nesi aliyaambia makopo, akalia mpaka kichwa kikamgonga. "Usiniache."

Siku ya safari aliamka akakuta herufi zote zimetimia, pamoja na q na x ambazo hakuna kopo duniani linalozihitaji. Mabegi yalikuwa mlangoni na teksi ilikuwa njiani. Akaona hawezi kuondoka na swali hilo. Litamfuata mpaka huko aendako. Alifungua ukurasa wa kujaribia herufi, akaandika kwa mwandiko ule uliolala kulia:

Mama, ni wewe?

Aliiacha mashine wazi katikati ya makopo, akaenda kumuaga jirani.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya isipokuwa saa za wateja ukutani, kila moja ikisema lake. Kiti cha fundi kilikuwa kitupu, lenzi juu ya meza. Nesi hakumwita. Alishukuru hata kwamba hayupo. Kuagana naye kungekuwa mzigo kwa wote wawili.

Aliingia jikoni polepole, kama anaingia wodini kwa mgonjwa aliyelala. Mashine ilikuwa imesogezwa kando, na mahali pake palikuwa na bakuli lake la shule lenye chakula, limefunikwa, bado linatoa joto. Aliichukua ile mashine. Chini ya swali lake palikuwa na jibu, kwa mkono uleule wa makopo, mkono uleule wa chaki:

Mama yako hakujua kusoma wala kuandika, mwanangu. Kula yote.