Nusu Saa ya Nyongeza

Profesa aliomba apewe mamlaka ya msimamizi wa mfumo kwenye kompyuta ya idara kwa saa moja tu, aweke programu ya takwimu. Fundi wa kompyuta akampa.

Muda ulipokaribia kwisha, fundi alikuja kuangalia. Hakukuta programu yoyote. Kwenye kioo cha kompyuta, alama za mtihani za mpwa wa profesa, mwanafunzi wa idara hiyo, zilikuwa zimepanda kutoka thelathini na mbili hadi sabini.

"Niongezee nusu saa, binti," profesa alisema bila kugeuka. "Halafu uniletee chai."

Fundi alikitazama kile kidole kinene chenye pete kikidonoa vitufe kimoja kimoja. Mtu mzima na elimu yake yote, hata kuiba hajui.

"Nakuongezea, Profesa."

Akatoka koridoni, akampigia mkuu wa chuo.

"Shikamoo. Naomba ushuke sasa hivi. Bado anaandika."