Mulinee ya Rafu ya Juu

Papa Kitwana aliishusha tena ile mulinee, kile kigurudumu cha kuviringia mshipi wa kuvulia, kutoka rafu ya juu. Akaitia tone la mafuta ya cherehani, akaiweka sikioni kama mtu asikilizaye saa, kisha akazungusha mpini. Haikulia hata kidogo.

“Muzee, unataka kuioa hiyo mulinee?” akauliza Mulumeoderhwa, mwenye duka.

“Mahari yake yananishinda, patroni.”

Duka zima likacheka, naye akacheka pamoja nao, ingawa maneno yale yalikuwa kweli tupu. Miaka mingi alikuwa muuzaji wa vyombo vya uvuvi katika duka lile la Birere, na kila Jumapili alikwenda kuvua mlangoni mwa mto, upande wa Sake, kwa mshipi aliouzungusha kwenye kopo la maziwa. Kambare wakubwa wa pale, penye maji ya mto kuingia ziwani, walimkatia mshipi wakaenda zao. Mwaka ule alikuwa ameweka akiba ya mulinee. Na mwaka ule ule bintiye Kuluthumu akapata mchumba. Akiba ikageuka mchele na mbuzi wa wageni wa harusi ya Ijumaa. Hakujuta. Alisema alhamdulillahi, akaendelea kuipaka mafuta mali ya mwenziwe.

Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, aliingia mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha kijani na ushungi mweupe, vumbi la safari lingali miguuni.

“Papa, minatafuta mulinee. Ya kuvulia pale mto inaingia mu ziwa. Na nisikudanganye: mufuko yangu ni nyepesi.”

Kitwana akaweka mbili juu ya kaunta. Ya kwanza iling’aa kama sinia mpya.

“Hii waliitengenezea bahari, mama. Ni nzito. Ukivua tangu asubuhi, saa sita mukono umekufa.” Akaisukuma kando, akaigonga ya pili kwa ukucha. “Na hii ni ya bei ndogo, lakini meno yake ya ndani ni laini. Muchanga ya mto ikiingia, mwezi moja tu itaanza kusaga kama kinu.”

“Na ile ya kule juu?”

Kitwana akaitazama. Ile ya kule juu haikung’aa, ilikuwa na mkwaruzo ubavuni, na bei yake ilikuwa ya katikati. Ulimi ulikwisha kujiandaa: ile imeharibika, mama, ile ina mwenyewe. Neno moja tu, na mulinee ingebaki rafuni mpaka Mwenyezi Mungu atakapofungua njia nyingine.

“Papa,” mama akasema, akimkazia macho, “kama ungekuwa unajinunulia wewe mwenyewe, ungebeba gani?”

Kitwana alikuwa ametoka msikitini punde. Paji lake lilikuwa lingali na alama ya mkeka.

“Ile,” akasema. Akaishusha kwa mikono miwili. “Tazama. Nyepesi. Breki yake haishtuki: kambare akikimbia, inamwachia mshipi polepole, akichoka, unamurudisha. Imefungwa vizuri, muchanga haipati njia. Na huu mkwaruzo usikusumbue, samaki hauoni.”

Mama akacheka hata ushungi ukamteleza. Kisha akamgeukia patroni, wakavutana juu ya bei kwa viapo na malalamiko. Aliaga, akatoka, akarudi, akaaga tena, mpaka patroni akasalimu amri.

“Ngoja nikuhamishie mpini,” Kitwana akasema. “Niliuweka kuume kwa sababu mimi ni mutu wa kushoto, fimbo ninaishika na mukono wa kushoto. Watu wengi wanauzungushaga upande ule mwingine.”

“Acha vile iko.”

“Lakini mama, yule atakayevua nayo...”

“Nimesema acha, papa. Funga mu karatasi.”

Akaifunga taratibu, kama mzazi amvishaye mtoto sweta asubuhi ya baridi, akakaza kamba kwa fundo lake la kivuvi. Mama akaenda zake.

“Pole, muzee!” patroni akamtania. “Bibi yako ameolewa na mwingine!”

“Mungu amupe heri na mume wake,” akajibu Kitwana, akapangusa vumbi mahali pale palipobaki patupu.

Ijumaa, baada ya alasiri, ua wake ulijaa watu na harufu ya pilau. Kitwana akaushika mkono wa Assani, kijana dereva wa malori, akamwoza bintiye kwa mahari waliyoafikiana maharusi. Mahari yenyewe Kuluthumu alikuwa ameyataja kwa mwalimu wa msikiti na kwa watu wa bwana harusi, basi. Baba hakuuliza, maana ni haki ya bibi harusi. Majirani walikuwa wakibashiri: cherehani, redio, herini za dhahabu.

“Mahari yaletwe,” mwalimu akasema.

Pazia la upande wa wanawake likafunuliwa. Akatokea Mama Kadidja, shangazi wa bwana harusi, aliyewasili jana yake kutoka Bunagana: mnene, ushungi mweupe, kicheko kimembana mashavuni. Akaweka juu ya mkeka kifurushi cha karatasi, na Kitwana akalitambua fundo lake mwenyewe.

Karatasi ikafunguliwa. Mpini ulikuwa upande wa kuume.

Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Kuluthumu:

“Mwalimu, sasa hii ni mali yangu kabisa?”

“Ni yako, mutoto wangu. Hakuna wa kukuuliza unaifanyia nini.”

“Basi mupatie papa.”